Springi tatu za valvu zimekatika kwa miezi minane: je, ni spea feki?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina lori la tani 7, injini ya dizeli ya silinda 6, valvu mbili kila silinda. Nabeba mahindi kutoka Kibaigwa kwenda Singida na Igunga. Mwaka jana gasketi ya hedi iliungua, maji yakaingia kwenye oili ikawa maziwa matupu. Sikuwa na hela, gari likalala uani tangu mvua za Januari mpaka Aprili. Baadaye fundi alipeleka hedi ikakerezwa, akachonga siti, akasaga valvu, akafunga. Tangu hapo springi tatu zimekatika: ya egzosi silinda ya 4, ya hewa silinda ya 3, na wiki iliyopita ya egzosi silinda ya 5. Zote zimekatikia chini, duara la pili au karibu yake. Kila ikikatika nanunua moja Dodoma mjini, fundi anabadilisha. Hizo mpya hazijakatika, na ya kwanza ina zaidi ya miezi sita sasa. Fundi anasema springi za siku hizi ni feki. Mimi nahisi dereva ananiulia gari mlima Sekenke. Nani mwenye kosa?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Umeandika vizuri kuliko wengi wanaoniletea matatizo ya injini, kwa sababu umetaja ni silinda ipi, ni valvu ipi na imekatikia wapi. Na humo humo kwenye maelezo yako kuna jambo ambalo fundi wako amelipita: springi zilizokatika ni zile zilizokuja na injini. Za dukani, anazoziita feki, ndizo zinazodumu. Kama tatizo lingekuwa spea za siku hizi, za dukani ndizo zingetangulia kukatika.

Kwa hiyo swali linabadilika. Springi zilizofanya kazi miaka na miaka bila shida zimepatwa na nini hata zianze kukatika moja moja baada ya hedi kufunguliwa?

Tupige hesabu kidogo. Injini yako ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kamshafti, ile shafti inayosukuma valvu zifunguke, huzunguka nusu yake, yaani mara 1,000. Kila springi, ambayo kazi yake ni kuirudisha valvu ifunge, inabanwa na kuachiwa mara 1,000 kwa dakika, mara 60,000 kwa saa. Ndani ya saa 167 za kutembea imeshabanwa mara milioni 10. Kwa lori la kazi hizo ni wiki chache tu. Springi ambayo ina dosari kubwa ya kiwandani, au ambayo haiifai injini hiyo, kwa kawaida hujionyesha mapema katika safari hiyo. Zako zilishavuka milioni 10 mara nyingi. Kilichozivunja kiliingia baadaye, na kati ya uzima wao na kukatika kwao kuna mambo mawili tu mapya: maji yaliyokaa kwenye oili miezi minne, na mikono iliyofungua na kufunga hedi.

Mimi naweka maji mbele. Nitakueleza kwa nini, kisha nitakueleza namna ya kuhakikisha mwenyewe, maana mimi sijaishika springi yako mkononi.

Waya wa springi ya valvu si waya wa kawaida. Ni chuma chenye kaboni nyingi kilichochanganywa na kromiamu na silikoni, au kromiamu na vanadiamu, kikapashwa moto na kupozwa kwenye oili mpaka kikawa na nguvu zaidi ya mara tatu ya nondo ya ujenzi. Nguvu hiyo ina gharama yake. Chuma laini kikikwaruzwa husamehe, kwa sababu kinanyumbuka kidogo pale penye mkwaruzo. Chuma kigumu namna hii hakisamehi. Mkwaruzo mdogo, alama ya koleo, au kishimo cha kutu ambacho hata kukiona kwa macho ni kazi, vinatosha kuanzisha ufa. Viwanda vinalijua hilo, ndiyo maana springi ikishasokotwa hupigwa kwa punje ndogo za chuma juu ya ngozi yake yote. Mapigo hayo hubana tabaka la juu la waya, na ufa hupata shida kufunguka mahali palipobanwa. Lakini tabaka lenyewe ni jembamba, sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Kutu ikichimba hapo, kinga imetobolewa.

Sasa fikiria hedi yako ilivyokaa uani. Maji yakichanganyika na oili hayabaki yamechanganyika milele. Injini ikitulia, maji hushuka na kutuama kwenye mabonde ya hedi, pale pale springi zinapokalia. Duara la chini na la pili zimekaribiana, na katikati yake maji hushikwa hata kama pengine pamekauka. Na maji yenyewe ni yapi? Ya rejeta. Kama ulikuwa unajaza maji ya kisima, na visima vingi vya huku kwetu vina chumvi unayoionja kwenye chai, basi ulikuwa na maji ya chumvi juu ya chuma kigumu kwa miezi minne. Chumvi haitengenezi kutu ya juujuu inayofutika kwa kitambaa. Inachimba vishimo. Kisha umesema zote tatu zimekatikia chini. Hilo ndilo linalonifanya niseme maji kabla ya kusema lolote jingine.

Lakini usiishie kwenye maneno yangu. Kipande cha silinda ya 5 bado kipo? Kioshe kwa mafuta ya taa na brashi laini ya nywele, si brashi ya waya. Wala usijaribu kuunganisha vipande viwili kuona kama vinaingiana. Kila mtu hufanya hivyo, mikono inawasha, na kila mara sura ya mvunjiko inasagika na ushahidi unapotea. Tafuta lenzi ndogo ya mara 10. Dodoma si mji wa kukosa lenzi hiyo, ndiyo hiyo hiyo wanunuzi wa vito wanayotazamia rubi za Winza na mawe ya kijani ya Haneti. Simama kwenye jua la asubuhi, mwanga ugonge kipande kwa ubavu, usiwe wa juu ya kichwa.

Springi inapobanwa, waya wake haupindi tu, unasokotwa. Ndiyo maana mvunjiko wa uchovu wa chuma mara nyingi hukata waya kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Utaona sehemu moja ndogo, laini, yenye umbo la kucha au nusu mwezi, na sehemu kubwa iliyobaki yenye chembechembe za kukwaruza. Ile laini ndiyo ufa ulikotembea taratibu kwa siku nyingi. Ile ya kukwaruza ndiyo ilivunjika kwa mara moja, pale waya uliobaki uliposhindwa kubeba mzigo. Mara nyingi kuna mistari myembamba inayotanuka kutoka mahali pamoja. Ifuate kinyumenyume mpaka pale inapokutana, kwenye ukingo wa waya. Hapo ndipo ufa ulipozaliwa, na kwa mpelelezi wa springi hapo pana thamani kuliko kipande kingine chote.

Ukikuta hapo kishimo cheusi au cha kahawia, na pembeni yake kwenye ngozi ya waya vishimo vingine vya namna hiyo, ni kutu, na kesi imekwisha. Mara nyingi kitakuwa upande wa ndani wa duara, kwa sababu upande wa ndani ndio unaobeba msongo mkubwa zaidi springi inapobanwa. Ukikuta alama inayong'aa, kama pamesuguliwa, basi ncha ya duara la chini imekuwa ikisugua duara la juu yake, au springi ya ndani imesugua ya nje kama injini yako ni ya springi mbili mbili. Hiki ndicho kitu pekee kinachoweza kunibishia, kwa kuwa nacho hutokea chini, karibu na duara la pili. Kwa hiyo tofautisha vizuri: mng'aro ni msuguano, weusi uliochimbika ni kutu. Ukikuta mkwaruzo uliokatiza waya, uliza fundi alifungulia nini. Wapo wanaoziondoa kwa bisibisi na nyundo badala ya klampu yake.

Dosari ya kiwandani nayo ina sura yake. Mstari mrefu uliolala sambamba na waya ni kasoro ya wakati waya unavutwa. Na kama mistari inaelekea kwenye nukta ndogo iliyo chini ya ngozi, ndani ya chuma chenyewe, hiyo ni takataka iliyobaki kwenye chuma tangu tanuruni. Ukiona hivyo kwenye springi zako za zamani nitashangaa, lakini nitakubali.

Huenda kipande hakisomeki. Springi ikikatika na injini ikaendelea kuzunguka, vipande hugongana na mvunjiko wote unasagika ukawa kama kioo. Usihangaike nacho. Zimebaki springi tisa za zamani ndani ya hiyo hedi, na hizo hazijasagika. Zifungue, zioshe, tazama kwa lenzi duara mbili za chini, hasa upande wa ndani. Ukiona vishimo kwenye hizo nzima, umepata jibu bila hata kukihitaji kile kilichovunjika. Kwa kweli mimi ningeanzia huko.

Sasa dereva. Mteremko wa Sekenke unaweza kuua injini, sitakuficha. Watu hudhani gavana ya pampu ya dizeli inailinda injini isizidishe mizunguko. Gavana inakata mafuta tu. Ukishuka na mzigo wa mahindi, ukakosea ukaweka gia ndogo mno, matairi ndiyo yanayoizungusha injini, na gavana haina mkono wa kuyazuia. Hapo mizunguko hupita kiwango, springi inashindwa kuirudisha valvu kwa wakati, na valvu inaweza kukutana na pistoni. Tena springi ina mtikisiko wake yenyewe: kamshafti ikiisukuma, wimbi hupita kwenye maduara kwenda na kurudi, na kwenye mizunguko fulani mawimbi hayo hujazana mpaka maduara ya katikati yanacheza kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Injini ikipita kiwango, inaingia kwenye eneo ambalo mtengenezaji hakulipangia.

Ila kosa la namna hiyo halichagui springi. Lingezipiga zote kumi na mbili, na lile balaa lingeacha alama nyingine: pushirodi (fimbo zinazopeleka msukumo wa kamshafti juu kwenye valvu) zilizopinda, alama za valvu juu ya pistoni. Hukutaja hata moja, na springi mpya zimepita Sekenke hiyo hiyo na dereva huyo huyo. Mwulize kwa upole gia anayoshukia, umwambie saa ya mizunguko isiingie eneo jekundu hata mguu ukiwa haupo kwenye mafuta. Lakini usimkate mshahara kwa springi hizi. Anachoweza kuwa amefanya ni kuimalizia springi iliyokwisha kuchimbwa.

Fundi naye nimemtoa kwenye neno lake la feki, ila sijamtoa kabisa kwenye kesi. Alizikuta springi zimekaa kwenye maji, akazirudisha. Kuna uwezekano pia alizipiga brashi ya waya zikang'aa. Kung'aa huko kunaondoa rangi ya kutu na kuviacha vishimo pale pale. Muulize vilevile kama alizichovya kwenye asidi ya betri kuondoa kutu. Nimeona gereji zinazofanya hivyo. Asidi inaingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na springi inaweza kukatika imekaa tu, injini imezimwa. Kwa kuwa ajali hiyo kwa kawaida huja ndani ya saa au siku chache, na zako zimechukua miezi, sidhani ndiyo iliyokupata. Naitaja tu ili fundi asianze leo.

Kuna kazi moja yake ambayo lazima ikaguliwe kabla ya kufunga springi mpya. Alichonga siti, pale valvu inapokalia ikifunga, na kusaga valvu. Kila siti inapochongwa, valvu inazama zaidi ndani ya hedi na shina lake linatokeza zaidi kwa juu. Sahani inayoishika springi nayo inapanda, na springi inakaa ndefu kuliko ilivyopangwa. Matokeo yake inabana kwa nguvu ndogo. Fundi mzuri hurekebisha kwa washa nyembamba chini ya springi. Fundi mwenye haraka huweka washa nene, halafu roka, ule mkono unaobonyeza valvu, ikisukuma hadi mwisho maduara yanagusana yote, springi inakuwa bomba la chuma. Hapo kitakachovunjika kinaweza kuwa springi, pushirodi au roka yenyewe. Mwambie apime kwa kaliper urefu wa springi valvu ikiwa imefungwa, alinganishe na kitabu cha injini, kisha azungushe injini kwa mkono mpaka valvu ifunguke kabisa na ahakikishe nafasi zote kati ya maduara, zikijumlishwa, hazipungui milimita 1 hadi 1.5. Silinda zote, si moja ya mfano.

Kama springi zako zina maduara yaliyobanana upande mmoja na kuachana upande wa pili, upande uliobanana hukaa chini kwenye hedi, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Ikigeuzwa, sehemu nzito ndiyo inayorushwa juu na chini, na mtikisiko unaongezeka. Ni kosa dogo la sekunde mbili ambalo hakuna anayelikagua.

Ushauri wangu ni kubadilisha zote tisa zilizobaki, kwa mara moja, na za ndani kama zipo. Najua ni hela. Lakini unachofanya sasa, kununua moja kila ikikatika, ni kungojea ile ambayo haitakatika kistaarabu. Mara hizi tatu umebahatika: vipande vimejisokota kimoja ndani ya kingine, springi ikafupika kidogo, ukasikia mgongo wa injini ukigonga na gari likakosa nguvu, mkasimama. Siku springi ikiachia kabisa, vifungo viwili vidogo vinavyoshika shina la valvu vinatoka, valvu inadondoka ndani ya silinda, na unanunua pistoni, hedi na pengine bloku nzima.

Kuhusu feki sasa, maana zipo, hofu ya fundi haikutoka hewani. Nenda dukani na springi ya zamani iliyo nzima na kaliper. Pima unene wa waya kwanza. Nguvu ya springi hufuata unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo waya wa milimita 3.8 mahali pa milimita 4 unapoteza karibu asilimia 19 ya ugumu, na kwa macho hutaiona tofauti hiyo kamwe. Hesabu maduara, pima upana. Zikifika gereji, zisimamishe moja moja juu ya kioo pembeni ya skwea: inayoinama zaidi ya milimita 1.6 hivi irudishe. Kisha weka mizani chini ya mashine ya kutobolea ya meza, ibane kila springi kwa spindo hadi urefu uliopimwa wa valvu iliyofungwa, usome kilo. Iliyopungukiwa kwa zaidi ya asilimia 10 ya namba ya kitabu, au iliyo mbali na wenzake, isiingie. Usikubali springi iliyolegea ikavutwa kurefushwa, wala iliyopashwa moto.

Upande wa maji, acha kisima. Tumia kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya mvua uliyokinga kwenye paa safi yanafaa kuliko ya kisima, na maji ya betri yaliyochujwa yanafaa zaidi (nasema maji, si asidi, msichanganye chupa). Na ikitokea tena oili imekuwa maziwa, hata kama hela ya gasketi hakuna, imwage siku hiyo hiyo, fungua kifuniko cha roka, puliza maji kwenye mabonde ya hedi kwa kompresa, mwagia oili mpya juu ya springi zote, ndipo ufunike na turubai.

Mpaka hapo, lori lisibebe mzigo wa Igunga. Vipande vya silinda ya 5 vipake oili, uvifunge kila kimoja na kitambaa chake, na springi tisa uziandikie namba ya silinda na upande uliokuwa chini. Nipigie picha ya mvunjiko na picha ya duara mbili za chini za zile nzima, mwanga ukiwa wa ubavuni.